Asumini Nyuma ya Benchi

Sogeeni karibu, wajukuu. Aliye mlangoni aingie, anayetafuna amalize kutafuna, na hiyo redio izimwe. Haya ni ya Majengo, mwaka wa tisini na sita, mvua zilipotukatalia. Palikuwa na bustani ya umma pale, lakini ilibaki jina tu: vumbi, mifuko ya plastiki, na mfereji mkavu ambao mbuzi walijikunia. Kando ya ua wake wa waya palikuwa na benchi, na hapo Lela, mama yake Hayat, aliuza kahawa chungu na kashata tangu afiwe na mumewe. Asubuhi moja akakuta karatasi imepigiliwa langoni: baada ya siku arobaini afisa wa jiji atakuja, na akikuta bustani imekufa, itakatwa ploti. Ploti ya kwanza ilikuwa hapo hapo penye benchi. Lela akasomewa mara mbili, akaendelea kumimina.

Wateja wake wa kila siku walikuwa watatu. Kweyu aliitwa Injinia, kwa kuwa alipaka mabehewa ya reli grisi miaka thelathini. Wandera aliitwa Wakili, maana aliwahi kuitwa mahakamani mara mbili, kama shahidi. Ubaid alikuwa Redio, na hilo halihitaji maelezo.

— Usijali, Mama Hayat, alisema Wakili. Penye wazee haliharibiki neno.

— Neno halijaharibika, Lela akasema. Ni bustani. Mmekaa hapa miaka minane, hata kopo la maji hamjaimwagia.

— Maji yakimwagika hayazoleki, alisema Redio. Ndiyo maana mimi simwagi.

— Na mtaka cha mvunguni huinama, akaongeza Injinia. Mgongo wangu waujua.

— Lakini ile je? Wakili akauliza.

Wote wakageuka. Nyuma ya benchi, ng'ambo ya waya, palikuwa na mti mmoja wa asumini, kijani kibichi, umejaa maua kama kichwa cha bibi harusi, utadhani habari za ukame haukuzipata.

— Hiyo ni paipu, alisema Injinia. Paipu ya reli, ya enzi za wazungu, inatoka Makongeni. Imepasuka hapo chini.

— Paipu gani, bana? alisema Wakili. Hapo alizikwa farasi wa DC. Farasi aliyekula ngano maisha yake yote. Huyo ni mbolea mpaka kiama.

— Hamjui kitu, alisema Redio. Hiyo ni bahari.

— Bahari ya wapi?

— Ya Mombasa. Inakuja chini kwa chini. Watu wake walihamia huku, nayo imewafuata. Damu nzito kuliko maji.

— Si ingekuwa na chumvi?

— Chumvi imeiacha Voi. Safari ndefu, mtu habebi mzigo wote.

Injinia hakungoja zaidi. Akaenda kwake, akarudi na jembe.

— Tunang'oa huu mti, tunafika kwa paipu, tunaunga mfereji. Bustani imepona.

Lela alikuwa anasuuza vikombe. Akainuka na beseni lake.

— Mzee Kweyu, hapo ndipo pekee penye uhai. Mkiung'oa, afisa tutamwonyesha nini? Mgongo wako?

— Ukitaka kuruka, agana na nyonga, alisema Injinia, na ule mgongo usioweza kumwagilia ukainama vizuri sana.

Hapo ndipo Nasambu alipofika. Alikuwa mgeni, mama wa kutoka Bungoma, amepanga chumba mkabala wiki hiyo, na maisha yake yote alikuwa amelima. Akatazama asumini, akatazama benchi, akamtazama Lela.

— Samahani, mimi ni mgeni, niulize tu. Maji ya kusuuza vikombe huwa mnamwaga wapi?

Wakili akamtazama Redio. Redio, kwa mara ya kwanza tangu uhuru, hakuwa na habari. Jembe la Injinia likabaki hewani. Na Lela, beseni lilikuwa limeshainuka, bega limeshageukia waya, kama lilivyojigeukia lenyewe kila siku kwa miaka minane, maji na mashapo ya kahawa pamoja.

Akacheka mpaka beseni likammwagikia Injinia miguuni.

Tangu siku ile, hakuna nyumba katika kichochoro kile iliyomwaga mtaroni maji ya kuoshea mchele au mboga. Yalipitishwa juu ya waya, kisha langoni, beseni kwa beseni, na Nasambu akawaonyesha pa kulima. Siku ya arobaini afisa alikuta mchicha umefika magotini, asumini changa sita, na benchi limeshahamia ndani. Akaketi, akanywa vikombe viwili, akaing'oa ile karatasi kwa mkono wake mwenyewe.

Wazee wale wamekwenda zao. Jembe la Injinia lilirithiwa na mkwewe, likiwa karibu jipya. Nafasi ya Wakili kwenye benchi inakaliwa na mwanawe, naye vilevile hajasoma sheria. Bahari ya Redio iliachiwa mtaa mzima, na wapo wanaoapa wameonja chumvi. Buli la kahawa la Lela analo mwanawe Hayat. Beseni alipewa Nasambu, mwenye nyumba hii, ndilo hilo hapo mlangoni. Aliye karibu nalo ainuke. Vikombe vimeshasuuzwa, na asumini inangoja.