Ukuta wa Kibla Haujapakwa Rangi

Mgeni rasmi, sasa ni saa tatu asubuhi, Jumatatu tarehe 15 Februari 1982, na ukuta wa kibla ulio mbele yako haujapakwa rangi. Ulipangiwa kuuona mweupe. Sisi ndio tuliokataa. Karibu Ibra, hapa Omani, karibu mtaani kwetu.

Historia

Tuliporudi kutoka Unguja mwaka 1972 tuliukuta msikiti huu umefungwa, kuta zimeshika masizi ya taa. Tukafanya kama tulivyozoea kule Unguja: kila Shaabani, chokaa. Bi Turkiya binti Khelef, anayeutunza msikiti, ndiye aliyeshika brashi miaka tisa. Tulidhani tunasafisha.

Tuliyoyapata

Mwaka jana mvua ilipenya pembeni mwa mihrabu, kipande cha chokaa kikaanguka pamoja na lipu yake. Bi Turkiya aliona wekundu. Akauhisabu ukingo: matabaka tisa, yote yake. Alikaa chini kwanza, kisha akatafuta kijiko cha mbao. Kwa miezi minne, kila siku baada ya alasiri, alibandua upana wa kiganja. Yametokea maua mekundu, duara la nyota, na mstari wa maandishi: "Mwaka 866 wa Hijria maji ya bonde la wadi yalivunja ukuta huu. Tumeujenga tena."

Tatizo

Jumatano iliyopita Bwana Mahrous, msimamizi wa matayarisho ya ziara hii, alileta madebe manane ya rangi ya mafuta.

"Bibi, mgeni atapita dakika kumi tu. Madoa haya yatatuaibisha."

"Doa ni hivyo viatu vyako ndani ya msikiti. Vua kwanza."

"Mbona mwenyewe umeupaka miaka tisa?"

"Ndiyo maana najua, mwanangu. Chokaa ni shela, hufunuliwa. Hii yako ni sanda."

Fundi Khalaf wa mtaani kwetu aliijaribu rangi hiyo kwenye ua lililo katika kipande kilichoanguka. Ilipobanduliwa, ua lilitoka nayo. Kipande kipo mezani kwako, kitazame.

Ombi

Hatuombi msikiti mpya. Tunaomba barua yenye saini yako, kwamba ukuta huu usipakwe chochote bila idhini ya wakaazi. Usipoiandika, tutaendelea kukataa, na atakayetumwa baada ya Bwana Mahrous ajue hivyo.

Mola akupe umri, na akujaalie uwe miongoni mwa waliojenga tena.

Jana alasiri tuliyapakia madebe manane kwenye gari la Bwana Mahrous, likiwa limefunguliwa moja tu, la jaribio. Leo saa moja asubuhi Bwana Mahrous alikuja kuudai ufunguo wa mlango, aufunge msikiti usiuone ukuta. Bi Turkiya hakumpa.

Ni sisi,
Wakaazi wa mtaa wa Harat Sidri, Ibra