Bugali ndani ya motere: miaka kumi na nane ya Papa Sebarenzi

Tarehe 31 desemba 1958, Papa Evode Sebarenzi anaweka chini ufunguo wake wa fundi, baada ya miaka kumi na nane ndani ya garaji ya shamba letu la pareto, hapa Masisi. Mimi Kanyamibwa nilikuwa pembeni yake karibu yote. Kama kungekuwa médaille ya uvumilivu, ingekuwa yangu.

Aliingia mwaka wa 1940 kuosha magari. Walimutuma miaka mbili Walikale, kwa makamyo ya mugodi, akarudi hapa akiwa fundi. Kazi yake ni safi, hakuna mwenye kubisha. Lakini polepole, jamani! Bulo moja tu, ile bolti ya kukaza, anaiangalia sawa vile baba mukwe anaangalia ngombe ya mahari.

Mukumbuke mwaka wa 1953. Bwana wetu, mwenye shamba, alikuwa na gari ya mashindano ya zamani, ya 1924. Kwenye hii milima ilikuwa inakohoa tu. Mama Drocella wa hapa shambani aliipita na kitunga ya maharagi mugongoni. Bwana akasema mbele yetu wote: Sebarenzi akiiongezea nguvu, atakuwa mukubwa wa garaji, akiivunja, ataenda kuchuma pareto.

Njia aliijua: kupunguza kifuniko ya motere, ile injini, upande wa chini, ili hewa na esansi, ile petroli, vibanwe zaidi. Akakisugua juu ya kioo kinene, na muchanga laini na mafuta, juma sita! Lakini kifuniko kikishuka, supapu, ile milango midogo ya hewa, zinasogelea pistoni. Zikigongana, motere imekufa. Kupima ile nafasi, Papa alitumia bugali. Bugali yetu ya saa sita! Anabandika donge juu ya pistoni, anafunga, anazungusha motere na mukono, anafungua, anakata donge na kisu, anaangalia unene. Kisha: "Bado, kaka." Kila siku sahani yangu nusu, na yeye bado. Mama Constance, mupishi wetu, alimuambia: "Papa, hii gari inakula kupita watoto wangu. Niipikie na mboga ya sombe?"

Posho moja, ni kusema jumamosi, alisugua mara ya mwisho, ikabaki kupima. Siku ya Mungu, yeye akiwa misa, mimi nikachoka. Fundi ni mimi vilevile: bulo ikilegea kule mbali Kashuga, naisikia nikiwa hapa. Nikafunga kifuniko, nikakaza bulo zote, bila bugali.

Kesho yake Bwana alikuja kuwasha. Papa akaangalia bulo, akaniangalia mimi, akaomba nusu siku. Akafungua, akaweka bugali, akazungusha polepole. Supapu ilipasua donge mpaka kwenye chuma. Tungewasha, pareto ilikuwa inamungoja. Hakutaja jina langu, kwa Bwana wala kwa muke wake, Mama Nyirabagenzi. Alisema tu: "Kaka, leta sahani yako."

Akachonga vishimo juu ya pistoni ili supapu zisiiguse, akapima tena. Siku ya mashindano gari ilipanda toka Sake; mvua iliifuata nyuma, ikafika hapa Masisi wakati gari imekwisha kupoa. Papa akawa mukubwa.

Na mimi, miaka tano, naringa kwamba ile motere niliifunga mimi. Niliifunga kweli. Leo mumejua niliifunga namna gani.

Asante, Papa. Garaji imebaki kwangu. Juzi nilifungua motere ya kamyo, Mama Constance akakuta sahani yangu nusu, akaniuliza kama nimeshiba. Nikamujibu: bado.

Wewe na Mama Nyirabagenzi, muzeeke na amani, na bugali yenu mule nzima.