Majina Mawili ya Mgonjwa Mmoja

Wapendwa, Bwana asifiwe. Mnaotazama mlango kaeni kwanza, sitawachelewesha. Leo nimesimama hapa na hasira, na Mungu anaijua.

Mnanifahamu, mama wa karoti na njegere pale Mwembesongo. Mzee wangu alipofariki nilipima, nikakutwa na virusi. Nilikuwa na miaka hamsini na tisa. Ugonjwa niliuogopa, lakini ninyi niliwaogopa zaidi. Ndiyo, ninyi. Mara ngapi nimesikia humu humu kwamba ukimwi ni wa wahuni? Basi nikawa nafuata dawa Dakawa, nyumbani naaga kwamba nafuata mchele, na kule nikaandikisha jina la marehemu mama yangu.

Mwaka jana nikaanza kukohoa. Jasho usiku, nguo zikanipwaya. Dada mmoja wa kwaya akahama benchi, nikamwona. Nikaenda kituo cha hapa mjini, safari hii kwa jina langu, nikakutwa na kifua kikuu. Nesi akataka kunipima na virusi. Nikamjia juu: "Bibi mwenye mvi kama mimi, mwanangu, unanionaje?" Akanibembeleza sana, nikagoma.

Ndugu zangu, huo ndio ujinga wangu. Huku napewa dawa za kifua, kule za virusi, na hakuna anayejua habari za mwenzake. Nilizimeza zote na bado nikazidi kukonda. Wajukuu wangu wawili nikawapeleka kwa shangazi yao, nikijua nawaaga.

Siku moja nikaanguka kwenye foleni kule Dakawa. Nesi akafungua kapu langu atafute namba ya ndugu, akakuta dawa za kifua na kadi yenye jina jingine. Nilipozinduka akaniamkia, "Shikamoo bibi," kisha akauliza taratibu, "Sasa nimtibu nani kati ya hawa wawili?" Nililia mimi. Akanieleza kwamba dawa za kifua zinapunguza nguvu ya zile za virusi, ilitakiwa niongezewe kidonge cha virusi. Kumbe nilikuwa nakufa na dawa mkononi!

Nikamtajia jina langu. Bwana alinitokea pale, mbele ya meza ya nesi. Kidonge nikaongezewa, dawa za kifua nikazimaliza, kifua kikapona. Virusi ninavyo, dawa nakunywa kila siku, na kipimo hakivioni tena. Asitokee mtu hapa kutangaza kwamba niliombewa nikaacha dawa. Nitamkana mchana kweupe.

Na mjue, kliniki vijana wapo, ila siku hizi sisi wenye mvi tumejaa: wajane, mababu, hata wazee wa kanisa. Tunajifunika khanga na kofia tusijulikane. Nani alitufundisha kujificha hivyo? Nina hasira na ninyi, na mimi mwenyewe sijajisamehe bado.

Namshukuru Mungu kwa yule nesi. Sasa, kuna mmoja humu anakohoa tangu Pasaka, anaziba mdomo kwa kitabu cha nyimbo. Sikutaji, mpendwa. Jumatano asubuhi nakwenda kliniki ya hapa hapa mjini, peupe, kila mtu anione. Nipitie nyumbani twende wote. Mtumaini Bwana, na ukifika kule mwambie nesi kila kitu.