Kiwanja cha Mwezi wa Kumi

Kwenye Kosta ya kwenda Ifakara, mwanaume aliyeshika ramani ya nyumba alipandia kituo cha Mkula, akaketi mbele yangu karibu na mama mmoja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Unajenga?"

"Ndiyo, Lumemo, karibu kabisa na mto. Nimepata kiwanja kizuri, pakavu."

"Ulienda kukiona mwezi gani?"

"Wa kumi."

Mwezi huo hata bwawa la kambale hutimua vumbi. Mama akacheka. "Masika hapo tunatega migono, tunavua samaki."

"Nimemwaga kifusi tripu thelathini. Maji hayapandi tena."

"Kwako hayapandi. Yataenda wapi?"

"Yatajijua yenyewe."

"Na matete yaliyokuwa yakipunguza kasi ya maji?"

"Nimefyeka. Lakini si mimi tu, mama, pale wote tunajenga." Alisema hivyo kama mtu aliyepata mashahidi.

Kosta ikasimama Lumemo. Mwanaume akainuka, akaonyesha dirishani kwa fahari. "Kile pale, jirani na nyumba yenye mlango wa bluu."

Mama akatazama, akachukua kikapu chake, akatoa ufunguo.

"Nipishe nishuke, baba," alisema. "Hapo kwenye mlango wa bluu ndipo kwangu."