Tuta la Nne

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka mwalimu wa sayansi ambaye wanafunzi walimbatiza jina la Mwalimu Matuta. Alifariki wiki iliyopita, akiwa na miaka sitini na mmoja. Mwalimu Matuta hatunaye tena.

Kwake sayansi haikuishia ubaoni. Ilikuwa nyuma ya darasa la sita, kwenye matuta manne ya maharage. La kwanza lilipata samadi na maji. La pili maji tu. La tatu samadi tu. La nne halikupata kitu, kwa makusudi. Watoto walipima kila mche kwa rula na kuandika daftarini. Mkewe anakumbuka: "Anarudi kucha zimejaa udongo. Namwambia, baba watoto, nawa kwanza, hayo maharage hayatakukimbia."

Sasa sikilizeni. Mkaguzi alikuwa anakuja. Mwalimu mkuu akaona tuta la nne limenyauka, akaamuru miche ing'olewe isije ikatia shule aibu. Mwalimu Matuta akakataa katakata.

"Mkuu, hilo ndilo somo lenyewe. Tukiling'oa, haya mengine tutayalinganisha na nini?"

Mkaguzi alifika, akasimama mbele ya tuta hilohilo. Hakuuliza swali hata moja. Mwanafunzi mmoja alimnyooshea daftari amweleze, akaambiwa anyamaze. Ripoti ikasema bustani imetelekezwa na mwalimu ni mzembe. Mwalimu mkuu aliujua ukweli. Akauchuna, asimtetee.

Mwezi haukuisha, bustani ikamwagiwa zege, ikawa maegesho ya magari ya walimu. Mwalimu Matuta akapelekwa stoo kugawa chaki. Miaka minane, wasikilizaji. Miaka minane ya kugawa chaki, mtu yule. Mnisamehe, inaniuma.

Binti yake mkubwa anasema: "Baba hakulalamika. Ila aliacha kutuuliza tumejifunza nini leo. Nyumba ikapooza."

Juzi mazikoni, mwalimu mkuu yuleyule alisimama na karatasi. Akamsifu marehemu kwa "bustani yetu ya mfano." Binti akamkatiza, kwa adabu zote.

"Samahani, mwalimu. Gari lako huwa unaliegesha wapi?"

Mwalimu mkuu akaikunja karatasi, akarudi kuketi.

Mama, na wanawe wote, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi. Nawe msikilizaji, kama unamjua mwalimu wa namna hii anayeonewa, na wewe unaujua ukweli, mtetee leo. Mwenzetu huyu alisubiri miaka minane sauti ya mtu mmoja, na haikuja.