Kofi la Mzee Nianzemimi

Baada ya miaka thelathini na mitatu katika kitengo cha mazoezi ya viungo, mwenzetu tunayemwita Mzee Nianzemimi anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini. Kamati imenipa mimi kazi ya kuandika wasifu wake kwa sababu dawati langu la mafaili ya wagonjwa limetenganishwa na chumba chake kwa ukuta wa mbao nyembamba tu. Nimesikia kila wimbo aliouharibu.

Alianza kwa kusukuma vitanda. Akasoma huku anafanya kazi, akapanda ngazi moja baada ya nyingine, mpaka akawa mtaalamu wa mazoezi kwa wagonjwa ambao misuli yao inadhoofika na mishipa yao ya fahamu haifikishi amri sawasawa. Ilipoletwa mashine ya vihisi, wengi wetu tuliipita kwa mbali. Yeye alisoma kitabu cha maelekezo mara mbili, kisha akatufafanulia: vibandiko viwili vinakaa juu ya ngozi, na msuli ukijikaza, hata kama kiungo hakisogei, umeme wake mdogo unaonekana kwenye skrini kama mstari unaoruka. Hapo mgonjwa anajua msuli upi bado unamsikia, na anaufanyia mazoezi bila kuuchosha.

Jina lake lilitokana na mashine hiyo. Hakumbandika mtu kabla ya kusema "nianze mimi" na kujibandika mwenyewe, ili mgonjwa aone kwamba haiumi. Na kwa kuwa vibandiko havishiki penye nywele, alijinyoa mikono vipande vipande. Siku moja mkewe alifika ofisini kutuuliza, kwa heshima zote, kama mumewe ananyolewa kwa awamu.

Tabia hiyo ndiyo iliyomponza miaka mitano iliyopita. Tulikuwa na mgonjwa, mama mmoja fundi cherehani, ambaye ugonjwa ulikuwa umemnyang'anya nguvu za mikono. Kanuni yetu ilikuwa kali: mashine ni moja, foleni ni ndefu, na ambaye mstari wake haukuruka katika vikao vinane anampisha mwingine. Kwa vikao sita mstari wake ulilala tu. Kikao cha saba ukaruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba! Wauguzi wakapiga makofi, binti yake akapiga vigelegele, nami nikaandika kwenye faili, kwa wino mwekundu, "maendeleo ya kuridhisha." Kisha Mzee akainua mkono kujifuta jasho, na mstari ukainuka naye. Vihisi vilikuwa bado kwenye mkono wake mwenyewe.

Angeweza kusingizia mashine, na sisi tungemwamini. Badala yake alivuta kiti, akaketi mbele ya yule mama, akamweleza ukweli wote na kumwomba radhi, huku akihamisha vibandiko kwenda kwenye mkono vilikostahili kuwa. Mama alikasirika, na nani angemlaumu? Alimwambia kwamba laiti mkono huu ungemtii, angemzaba kofi la kumwonyesha nyota mchana. Alipokuwa katikati ya kumpa vidonge vyake, mstari ukaruka. Ulipanda kidogo tu, kimo cha punje ya mchele. Safari hii tulikagua nyaya mara tatu kabla ya mtu yeyote kupiga makofi.

Basi zoezi likapatikana. Kila kikao mama alimtazama Mzee usoni na kuliwazia lile kofi, na Mzee, ili kumwongezea hamu, alimwimbia. Ugonjwa wenyewe hauponi, na hakuwahi kumdanganya kuhusu hilo. Alichofanya ni kumsumbua fundi umeme wetu wiki tatu mfululizo, mpaka vihisi vikaunganishwa na mota ya cherehani. Sasa mama akiwazia kofi, cherehani inakimbia, akiliacha, inasimama. Binti anashika kitambaa, na mama anamgombeza kwamba anakipindisha. Siku tuliyosikia ugomvi huo kwa mara ya kwanza, mimi nililia, na sioni haya kusema.

Mzee wetu, tunakushukuru kwa uvumilivu, kwa ukweli, na kwa kuacha kuimba kuanzia Jumamosi. Zawadi yako iko mezani: shati jeupe la mikono mirefu, ili nywele zako ziote kwa amani. Amelishona yule mama, kwa cherehani ile ile, kwa muda wa miezi minne. Anasema kofi lako hajalisahau hata kidogo. Amelitia lote humo, mshono kwa mshono. Nenda salama, upumzike vyema, na ulivae kwa tahadhari.