Neno Nililolisikia Mlangoni kwa Binti Yangu

Ndugu zangu, mnaniona nimesimama hapa mbele ya ushirika wetu. Mmezoea kuniona kule nyuma, karibu na chupa ya chai. Leo nitasema, ila majina sitataja, hata la binti yangu, maana amenionya.

Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani kwao. Kuna bibi mmoja wa Kiswidi hapa mtaani kwetu Vårby gård, akishakula cha mchana lazima tutazame tamthilia za polisi. Kila siku maiti. Mimi Kiswidi sikukipata darasani, nilikipata kwenye kochi la bibi yule. Najua kusema damu, najua mshukiwa, najua mikono juu. Niulize mwiko wa ugali unaitwaje, nitakukodolea macho.

Binti yangu ana miaka kumi na mitano. Namsemesha Kiswahili chetu cha kule nyumbani Buyenzi, ananijibu Kiswidi, maisha yanaenda. Mwaka huu akaanza kuvaa nyeusi tupu, kofia ya jaketi kichwani, na kujifungia chumbani. Na mnajua tunapoishi, magenge yanawapa watoto wa shule bunduki. Mnaikumbuka ile mishumaa na maua pale kwenye mlango wa jengo la jirani. Nilipita pale nikiwa na mifuko ya sokoni, nikaona kwenye picha sura ya yule mtoto aliyepigwa risasi, nikashindwa kupanda ngazi zangu.

Basi Jumatatu moja napita na nguo zilizokunjwa, namsikia nyuma ya mlango wake anaongea na simu. "Vi skjuter upp. Lördag, Skärholmen."

Hilo neno, skjuter, linaanza kama mtu anayepuliza uji wa moto, na mimi nalijua vizuri. Wapelelezi wa bibi wanalisema kila siku. Ni kupiga risasi. Tunapiga risasi Jumamosi, mtaa wa Skärholmen. Ile "upp" ya nyuma nilijua ni juu, nikasema basi anayelengwa anakaa ghorofani.

Alipokwenda kuoga nikapekua begi lake. Nikakuta kadi ndogo, picha za wasichana wa Asia, kila moja ndani ya plastiki yake, na maandishi nisiyoyajua. Sura moja imezungushiwa duara jekundu. Kwenye tamthilia, muuaji ndivyo anavyoziweka picha za watu wake. Nilizirudisha kama nilivyozikuta, nikaenda kunawa mikono.

Nawaambia ukweli, sikumuuliza. Kila asubuhi nilisema nitamuuliza kesho. Niliogopa, akisema ndiyo nitafanya nini? Nikiwapigia polisi, nimemfunga mwanangu kwa mkono wangu. Nikienda ustawi wa jamii, watamchukua. Nikinyamaza, Jumapili mishumaa ni ya mtoto wa mama mwingine, au wa kwangu. Kazini nilimvalisha bibi soksi mbili za rangi tofauti, akaniuliza kama naumwa, nikamwambia ni baridi.

Ijumaa nikashindwa. Nikampigia dada mmoja wa Uganda, yupo humu ndani, anatazama chini sasa hivi. Akanisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Sasa wewe, polisi utawaambia nini, kwamba umesikia neno? Kesho tumfuate, uone na macho yako. Mimi niko na wewe."

Jumamosi tukapanda treni, behewa la nyuma yake. Skärholmen pale uwanjani, mbele ya maduka, palikuwa na wasichana sita, wote wamevaa nyeusi. Mmoja akasimamisha simu kwenye kile kistendi cha miguu mitatu, ijirekodi. Muziki ukalia, lugha nisiyoijua. Binti yangu akasimama mbele. Msichana aliye nyuma yake akanyoosha vidole viwili kama bastola, akamlenga, na mwanangu akaanguka chini.

Nilikimbia. Dada alinidaka koti, koti likabaki mikononi mwake. Nikamlalia mwanangu, nikamfunika mwili mzima, nikapiga kelele, "Niueni mimi."

Watu wakasimama na mifuko yao. Halafu nikasikia sauti chini yangu, kwa Kiswahili. "Mama, unaniumiza."

Miaka mitatu nilikuwa sijamsikia akinisemesha lugha yangu.

Tulikaa palepale chini, nikamweleza yote. Akasema, "Mama, skjuta upp ni kusogeza mbele. Tuliahirisha hadi leo, mmoja alikuwa na mtihani." Wale wa kwenye kadi ni kundi la wasichana wa Korea, wanaimba na kucheza, na kina binti yangu wanawaiga, hata ile bastola ya vidole. Mwenye duara ndiye anayempenda kuliko wote. Akaniuliza, "Ulidhani mimi naua watu?" Nikamwambia, nilidhani unaua, na nilidhani unauawa.

Hapo ndipo alipolia. "Na mimi naogopa, mama. Yule wa mishumaa nilisoma naye. Nikicheza ndio nasahau. Sikukuambia kwa sababu ungeogopa."

Mnaona? Nyumba moja, watu wawili, kila mmoja anamficha mwenzake hofu ileile.

Namshukuru Mungu. Namshukuru dada wa koti. Nawashukuru wale wasichana, walizima muziki, wakaniletea maji, na ile video wakaifuta. Hata bibi namshukuru, nilimsimulia akacheka hadi akapaliwa, na sasa kila siku ananifundisha neno moja lisilo na damu.

Siwadanganyi kwamba hofu imeisha. Pale kwenye mishumaa bado napita haraka. Lakini wiki ile nzima niliyodhani watoto wanapanga kuua, mwenye kuahirisha nilikuwa mimi, na nililoahirisha ni swali moja. Mwenye mtoto amuulize leo, kwa lugha yoyote aliyonayo.

Jana jioni akatoka chumbani, akasema neno lilelile. Vi skjuter upp. Nikashusha sufuria, nikamuuliza, "Mnaahirisha nini?"

Akasema, "Mazoezi, mama. Kesho nakuja kukusikiliza."

Ni yule pale mlangoni, mwenye kofia nyeusi.